Namba Jirani: Uhakiki wa Makala ya David Goldberg juu ya Nukta Inayoelea

Mwezi wa Machi, 1991, jarida la ACM Computing Surveys lilichapisha makala marefu ya David Goldberg, mtafiti katika maabara ya Xerox mjini Palo Alto, California. Jina la makala hayo, likitiwa katika Kiswahili, ni "Yampasayo Kila Mwanasayansi wa Kompyuta Kuyajua juu ya Hesabu za Nukta Inayoelea". Ni jina lenye sauti ya mwalimu aliyechoka kusahihisha kosa lile lile katika madaftari ya wanafunzi. Goldberg hakudai uvumbuzi. Chimbuko la maandishi yake ni mafunzo ya William Kahan yaliyotolewa katika kampuni ya Sun Microsystems kati ya Mei na Julai, 1988, na deni hilo alilikiri waziwazi. Kampuni hiyo ikayachapa tena pamoja na vitabu vya maelekezo vya mitambo yake, na tangu wakati huo yamepita mkono hata mkono mpaka leo.

Lakini kupita mkono hata mkono si kusomwa. Kijana aandikaye programu yake ya kwanza huiambia mashine ijumlishe 0.1 na 0.2, nayo humjibu 0.30000000000000004. Akiuliza sababu, huambiwa akamsome Goldberg. Hufungua, hukutana na nadharia zilizothibitishwa kwa alama za aljebra, hufunga, kisha huondoka na neno moja tu aliloliokota mlangoni, ya kuwa hesabu za kompyuta ni za kukisia. Hapana neno lililo mbali zaidi na nia ya Goldberg kuliko hilo. Makala yake yaliandikwa ili kuonyesha kinyume chake: ya kuwa kila kosa lina chanzo, kipimo na mpaka, na ya kuwa mtu akiijua kanuni ya mashine aweza kuthibitisha ubora wa jibu hata kabla ya kulipata. Yapasa basi kuuliza jinsi maandishi yenye hoja njema hivyo yalivyoacha nyuma yake imani iliyo kinyume cha hoja yenyewe. Maana imani hiyo ina madhara. Mtu aaminiye kwamba kosa halina kanuni halitafuti.

Msingi wa jambo hili ni mwepesi kuliko unavyodhaniwa. Goldberg huupitia upesi, kwa kuwa aliwaandikia watu waliokwisha kuujua, lakini msomaji wa Kiswahili anao mfano wake katika masoko ya zamani ya pwani. Pishi moja ilikuwa visaga viwili, na kisaga kimoja vibaba viwili. Kibaba nacho kiligawanywa nusu na robo. Kila kipimo ni nusu ya kile kilichokitangulia. Mpimaji mwenye vyombo hivyo hashindwi na nusu ya pishi, wala robo, wala thumuni, wala robo tatu. Sasa na aombwe sehemu moja ya kumi ya pishi. Atachukua robo kibaba, ambayo ni sehemu ya 16 ya pishi, haitatosha. Ataongeza thumuni ya kibaba, yaani sehemu ya 32 ya pishi. Bado itapungua, kwa sehemu moja ya 160. Vyombo viwili vinavyofuata ni vikubwa mno kwa upungufu huo, atavipita. Viwili baada ya hivyo vitafaa. Viwili atavipita tena. Na hivyo hivyo pasipo mwisho. Mpimaji huyo hana kosa alilolifanya. Vyombo vyake ni vya nusu kwa nusu, na kumi haipatikani kwa kuzidisha mbili kwa mbili.

Kompyuta ni mpimaji huyo. Huhesabu kwa kizio cha mbili, kwa hiyo nusu, robo na thumuni huziandika kwa ukamilifu, ilhali thuluthi, sudusi na ushuri haziandikiki. Katika namba ya biti 64, ambayo ndiyo ya kawaida, biti 1 ni ya alama ya chanya au hasi, 11 ni za kipeo, na 52 ni za tarakimu zenyewe, ambazo kwa kweli huwa 53, kwa kuwa ile ya kwanza hujulikana bila kuandikwa. Mashine hulazimika kusimama kwenye tarakimu ya 53 na kuchagua namba iliyo jirani kuliko zote. Jirani wa 0.1 ni 0.1000000000000000055 na ushei. Huyo ndiye ahifadhiwaye; 0.1 yenyewe haikupata kuingia ndani ya mashine hata siku moja. Jumla iliyomshangaza kijana ni matokeo ya hayo hayo: jirani wa 0.1 akijumlishwa na jirani wa 0.2, jibu huangukia kwa jirani wa juu wa 0.3, ilhali aandikaye 0.3 hupewa jirani wa chini. Baina ya majirani hao wawili ni hatua moja tu, wala hapana namba nyingine yoyote kati yao ambayo mashine ingeweza kuiandika.

Kipeo ndicho kinachoiambia nukta pa kukaa, kama vile mtu aandikapo umbali wa jua kuwa 1.496 mara 100,000,000 za kilometa badala ya kupanga sifuri mstari mzima. Kwa sababu hiyo namba ziandikikazo hazikupangwa kwa nafasi sawa. Kati ya 1 na 2 zimo nyingi sawasawa na zilizomo kati ya 1024 na 2048. Zile za kwanza zimesongamana kama nyumba za Mji Mkongwe, na za pili zimetawanyika kama nyumba za shamba. Ukiipita 9,007,199,254,740,992 hata namba nzima hazipatikani zote.

Hapa neno lenyewe linataka kuangaliwa. "Nukta inayoelea" ni tafsiri ya neno kwa neno, na kwa sikio la mtu wa pwani ina walakini. Kitu kinachoelea huchukuliwa na maji. Hakijiamulii pa kwenda. Nukta hii haichukuliwi na kitu. Huhamishwa kwa amri ya kipeo, na "nukta ihamayo" lingekuwa neno la haki zaidi. Hata hivyo iko sababu ya kulivumilia lile la kwanza. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Na methali hiyo inafaa sana hapa, kwa kuwa namba hizi ni chombo kilichoundwa na watu wenye majina, kwa mabishano ya miaka mingi. Goldberg alikieleza chombo. Mafundi aliwataja kwa uchache, na hiyo ni hasara kwa msomaji.

Konrad Zuse alitumia hesabu za namna hii katika mashine yake ya Z3 mjini Berlin, mwaka 1941. Miaka mitano baadaye Burks, Goldstine na von Neumann, katika ripoti yao ya 1946, walizitilia shaka: waliona muda ambao mtu angeutumia kuipanga nukta mwenyewe ni mdogo, na gharama ya kuiachia mashine ni kubwa. Shaka yao ilishindwa, na ilistahili kushindwa. Ila tu mtu aliyeipanga nukta kwa mkono wake alilazimika kuujua ukubwa wa kila namba aliyoishika. Aliyeiachia mashine hakulazimika tena. Kisha kila mtengenezaji akaunda chombo kwa mtindo wake, hata programu iliyotoa jibu jema kwenye mashine moja ikatoa jibu jingine kwenye mashine ya mtengenezaji mwingine. Mwaka 1968 IBM waliziongezea mashine zao za System/360, zikiwemo zile zilizokwisha kufika kwa wanunuzi, tarakimu moja ya akiba ili kutoa kusiharibu jibu. Kanuni ya pamoja, IEEE 754, ilipatikana 1985, na Kahan, aliyekuwa nguzo yake, akapewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1989. Kanuni hiyo inaamuru jambo moja kubwa: jibu la kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na la kipeuo cha pili liwe kana kwamba lilipatikana kwanza kwa ukamilifu, ndipo likakadiriwa kwa jirani wake. Basi asemaye kwamba kompyuta hukisia angekuwa na kiasi fulani cha haki mwaka 1970. Tangu 1985 amekosa haki hiyo. Jirani ni mmoja, anajulikana, na ni yule yule kwenye kila mashine iishikayo kanuni.

Sehemu bora ya makala yote ni ile ihusuyo kutoa, nayo imefichwa. Imewekwa baada ya maelezo ya vipimo vya kosa na kabla ya mfululizo wa nadharia, mahali ambapo msomaji aliyechoka aweza kuivuka bila kujua. Kwa lugha iliyo rahisi hoja yake ni hii. Na ichukuliwe mashine ndogo ishikayo tarakimu 3 tu za kizio cha kumi, ipewe mlinganyo ambao a ni 2.50, b ni 5.02 na c ni 2.52. Kila aliyepita sekondari anajua ya kuwa idadi ya majibu hukatwa na b mara b kutoa 4ac. Sasa b mara b ni 25.2004, mashine huandika 25.2. Nayo 4ac ni 25.2 kamili. Mashine ikitoa hupata 0, na hutangaza ya kuwa mlinganyo una jibu moja, -1.00. Ukweli ni kwamba tofauti ni 0.0004, na majibu ni mawili, -1 na -1.008.

Mtazamaji wa haraka atalilaumu tendo la mwisho. Lakini kutoa 25.2 katika 25.2 kulifanywa bila kosa hata chembe. Kosa lilitendwa kabla, pale 0.0004 ilipoachwa, na wakati ule lilikuwa dogo mno, chini ya sehemu moja ya 60,000 ya namba nzima. Hapana ambaye angelihangaikia. Kutoa kulizifuta tarakimu zote zilizokubaliana, na kilichobaki ni mahali pale tu palipokuwa na kosa. Kwa hiyo Goldberg hutenganisha utoaji wa namba zilizokwisha kukadiriwa, ambao ni wa hatari, na utoaji wa namba zilizo kamili, ambao hauna hatia. Kutoa hakukuzaa kosa, kulilifichua. Tofauti hiyo hugeuza kazi yote ya mtafuta kosa, kwa maana humrudisha nyuma, kwenye hatua zilizoonekana salama, badala ya kumwacha asimame mbele ya hatua ya mwisho akiistaajabia.

Mfano mkubwa kuliko wowote ambao Goldberg angeweza kuutoa ulitokea siku chache kabla ya makala yake kutoka. Tarehe 25 Februari, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud liliipiga kambi ya askari wa Marekani mjini Dhahran, Saudia. Watu 28 walikufa. Mtambo wa Patriot uliowekwa kulizuia haukurusha chochote. Ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge la Marekani ilieleza sababu katika ripoti yake ya 1992. Saa ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na ili kupata sekunde hesabu hiyo ilizidishwa kwa sehemu moja ya kumi. Na sehemu moja ya kumi, kama alivyoona mpimaji wa pishi, haina mwisho katika kizio cha mbili. Ilikatwa ili ienee katika biti 24. Kilichopotea kilikuwa kama 0.000000095 tu. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 hivi, yaani sehemu za kumi 3,600,000, na kosa likafika thuluthi ya sekunde. Scud hukata zaidi ya meta 1,600 kwa sekunde moja. Rada iliangalia anga tupu, zaidi ya nusu kilometa kutoka lilipokuwako kombora.

Wengi wautajao msiba huu huuita kosa la nukta inayoelea. Hilo si sahihi, kwa maana nukta ya saa ile haikuhama. Ila chanzo, yaani ile ushuri isiyoandikika, ni kimoja, na mafunzo ya Goldberg juu ya kutoa yanauingia ndani zaidi kuliko waonavyo wale wautajao. Mtambo haukutaka kujua saa. Ulitaka tofauti ya saa mbili. Kama saa zote mbili zingekuwa na kosa lile lile, kutoa kungelifuta kosa pamoja na tarakimu nyingine, na tofauti ingekuwa njema. Robert Skeel alieleza mwaka 1992 ya kuwa programu ilikuwa imesahihishwa katika baadhi ya mahali na kuachwa katika mengine. Saa moja ikawa imetengenezwa na ya pili haikutengenezwa. Kutoa kukafichua tofauti ya matengenezo. Marekebisho ya nusu yalikuwa mabaya kuliko kutokurekebisha. Programu mpya ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya mazishi kuwa lazima.

Haki haitaki Goldberg alaumiwe kwa kutoandika habari ambayo haijachunguzwa alipokuwa akiandika. Lakini hata bila Dhahran, makala yake hayana mtu hata mmoja aliyeumizwa na hesabu. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianza Januari 1982 na kielezo cha 1000. Kwa kuwa kila badiliko la bei lilifuatwa na kukata tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta, badala ya kuzikadiria, kielezo kilishuka hata kufikia karibu 525 mwezi wa Novemba 1983, siku ambazo biashara haikuwa mbaya. Kiliposahihishwa kikasomeka zaidi ya 1098. Habari hiyo ilikuwako. Aya moja juu yake ingemfanya msomaji avumilie nadharia kumi.

Maana nadharia hizo zina thamani, na baadhi yake zina uzuri wa fundi. Goldberg huonyesha njia ya Kahan ya kupata eneo la pembetatu nyembamba kwa urefu wa pande zake, ambayo nguvu yake yote imo katika mabano ambayo mwalimu wa aljebra angeyafuta kwa wino mwekundu. Huonyesha pia njia ya kujumlisha namba nyingi kwa kuweka pembeni kile kilichopotea katika kila hatua na kukirudisha katika hatua ifuatayo, kama muuza duka anayetunza daftari la pili kwa ajili ya chenji. Kisha huonya, kwa ukali wa haki, ya kuwa programu ya kutafsiri inayodhani aljebra ya shule inatawala ndani ya mashine italiona daftari hilo la pili kuwa daima ni sifuri, italifuta ili kuokoa muda, na kuirudisha hasara yote. Uthibitisho mrefu aliusogeza sehemu ya mwisho, jambo la adabu kwa msomaji.

Lawama inayobaki ni ya neno "kila" lililomo katika jina. Neno hilo liliahidi mlango mpana, na ndani mna ngazi. Aliyemwandikia kila mtu hana budi kuanza na swali la kila mtu, na swali la kila mtu ni lile la kijana: kwa nini mashine imeniambia hivi? Goldberg alianza na kosa la kukadiria na vipimo vyake, yaani alianza na jibu la swali ambalo msomaji bado hajaulizwa. Mwenye kustahimili hulipwa. Asiyestahimili huondoka na lile neno la mlangoni. Tena lile jambo lililo la thamani kuliko yote, kwamba kosa lionekanalo mwishoni lilitendwa mwanzoni, limepewa nafasi ile ile waliyopewa ndugu zake wadogo, bila ishara yoyote ya kumwambia msomaji asimame.

Atakayeyatia makala hayo katika Kiswahili, na yastahili kutiwa, aanze na pishi na kibaba, na sura ya kutoa aiweke mbele. Haja ya kazi hiyo haikupungua kwa kupita kwa miaka. Mitambo ya siku hizi inayofundishwa kuandika na kusema hutumia kwa wingi namba ziitwazo bfloat16, zenye biti 16 tu, ambazo tarakimu zake za kweli katika kizio cha mbili ni 8. Katika namba hizo 256 huandikika, na 258 huandikika, lakini 257 haipo. Mtu akiiambia mashine ihesabu moja moja kwa namba hizo, itakwenda vizuri hadi 256. Hapo itaongeza moja, itapata 256, itaongeza moja tena, itapata 256, nayo itabaki hapo kucha kutwa bila kutoa onyo lolote, kwa kuwa kila hatua iliifuata kanuni. Ndiyo sababu waundaji wa mitambo hiyo aghalabu huzidisha kwa biti 16 na kuweka jumla katika biti 32.